Daftari Kuu na Kaseti Sitini na Tatu

Jumatatu, 16 Februari 1998

Mvua tena. Mvua tangu Oktoba! Mzee wa kanisa anasema ni ishara. Redio inasema ni El Nino. Mimi nasema ni paa langu, maana linavuja juu ya kabati la kaseti na si mahali pengine popote.

Habari kubwa leo. Shemeji yangu Nyangau, kaka wa marehemu mke wangu Persis, ametoka kwa mama yao na ujumbe. Mama mkwe wangu, Mong'ina, atakuja kwenye kumbukumbu ya Persis, Jumapili ya tarehe moja Machi. Ana ombi moja tu. Hataki kuchinjiwa, hataki hotuba. Anataka kusikia sauti ya binti yake. Persis alipofariki mwaka jana mwezi wa tatu, mama mwenyewe alikuwa amelazwa, wala hakumuaga. Amesikia kwamba mimi ninayo sauti kwenye kaseti.

Ninayo! Nusu saa nzima. Persis anafungua Sabato hapa sebuleni, jua ndio kwanza limezama. Anaimba, anaomba, anawataja watu wote wa boma mmoja mmoja mpaka anafika kwa kuku. Mwezi mmoja kabla hajafa. Sijaisikiliza tangu tumzike. Nimejaribu mara mbili. Mkono unafika kwenye kitufe halafu unarudi mfukoni wenyewe.

Nilimwambia Nyangau ampelekee mama neno asiwe na wasiwasi. Nimekuwa karani wa stoo Mombasa miaka kumi na minane (ndiyo maana shajara hii ni ya Kiswahili, tena safi). Hakuna msumari uliowahi kunipotea. Nina kaseti sitini na tatu na kila moja imeandikwa katika Daftari Kuu. Nilifungua nikamsomea kwa mbali: Sabato, 15 Februari 1997, Persis, sala na nyimbo. Nyangau akatazama paa. Akasema heri nimpe hiyo kaseti moja akaiweke kwake. Wivu! Redio kaseti tuliinunua pamoja, nusu kwa nusu, lakini Daftari ni langu peke yangu.

Jumatano, 18 Februari 1998

Nimeshuka Kisii mjini kununua lebo mpya kwa Mukesh, yule wa duka la redio na vifaa vya kuandikia. Amepata kompyuta! Ameweka humo orodha ya kila kitu dukani. Unabonyeza, inakuambia balbu ziko ngapi na ziko rafu gani. Nilisimama pale mpaka mteja mwingine akaniuliza kama mimi ni askari wa mlango.

Nikaona aibu ya mfumo wangu. Kaseti zangu zina lebo za kila aina. Nyingine ina namba, nyingine ina jina, nyingine Persis aliandika kwa penseli "Ya Baba, msiguse." Huo si mpangilio! Kuanzia sasa kila kaseti itakuwa na lebo moja nyeupe yenye tarehe tu. Maelezo yote yakae katika Daftari.

Nilimweleza Mukesh. Alinisikiliza huku akifunga waya za mteja. Akasema orodha yake mwenyewe iliwahi kuharibika: yeye na mwanawe Keval waliandika wote wawili kwa wakati mmoja, stima ikapotea katikati, na iliporudi balbu zilikuwa zimeandikwa kama betri na betri hazikuwepo kabisa. Tangu siku hiyo anaandika mtu mmoja tu, na kila jioni wanatoa nakala. Akanishauri nibandue lebo moja, niandike mpya, ndipo niende kwa inayofuata. Na ile kaseti ninayoipenda kuliko zote, nivunje vile vijino viwili vya plastiki mgongoni, isiweze kurekodiwa tena juu yake.

Nilimshukuru. Ni mtu mwema, lakini ni mwenye duka. Hakuwahi kuwa stoo. Nivunje meno ya kaseti nzima yenye afya! Neno moja tu la maana nililochukua: anaandika mtu mmoja.

Alhamisi, 19 Februari 1998

Jua! Nilianza saa moja asubuhi. Maji moto, magadi, kitambaa. Nilitandika magunia kwenye nyasi na kupanga kaseti mistari saba, tisa kila mstari, kwa utaratibu wa Daftari. Nikabandua lebo zote. Zote! Moja moja ni kazi ya watu wasio na utaratibu.

Lebo za Persis ndizo zilizokuwa ngumu kutoka. Alikuwa anabandika na uji wa mahindi. Zilipotoka ziliviringana ndani ya maji kama majani ya chai, na penseli yake ikafutika. Niliyamwaga maji hayo kwenye mgomba haraka haraka, nisiangalie.

Saa nane nilikuwa chooni. Niseme nini zaidi? Mvua ilikuja bila hata ngurumo. Nyangau alikuwa anapita na baiskeli, akaona kaseti uani. Kwa wema wake wa kijinga akazikimbilia, akazikusanya zote ndani ya karai, akaziingiza sebuleni. Nilipotoka nilimkuta anatabasamu, amelowa chapachapa, anangoja shukrani.

Kaseti sitini na tatu, zote nyeusi, zote za aina moja, zote uchi, zimechanganyika kama mahindi na maharagwe ya githeri.

Nilikaa chini sakafuni. Nyangau akauliza kama zimelowa. Nikasema hapana, hazikulowa. Akasema basi Mungu ni mwema.

Ijumaa, 20 Februari 1998

Njia ni moja: kusikiliza kila kaseti na kuitambua. Nimechukua thelathini na mbili. Nyangau amechukua thelathini na moja, atazisikiliza kwenye redio ndogo ya kibanda chake cha kutengeneza baiskeli, pale soko la Keumbu.

Nilimpa sheria. Kwenye lebo ni tarehe tu. Hakuna neno, hakuna mchoro, hakuna "hii ni tamu sana." Akauliza tarehe atazijuaje. Nikamwambia afikirie. Akasema basi nimwazime Daftari alinganishe. Hapo nikamkatalia kabisa! Nilimweleza kisa cha Mukesh na Keval, jinsi orodha ilivyoharibiwa na mikono miwili. Akasema hataki kuandika, anataka kusoma. Nikasema kuandika huanza hivyo hivyo.

Amekasirika. Amesema mimi nilikuwa hivi hivi hata Persis akiwa hai, nikiulizwa chumvi iko wapi natoa hotuba. Akaondoka na karai lake.

Maneno hayo yameniuma. Nitayajibu kesho kutwa. Sasa nafunga, jua linaegemea kilima. Likizama Sabato imeanza, na kwetu Wasabato tarehe imegeuka. Nyangau ni Mkatoliki, hayo huyaona kama vichekesho.

Jumapili, 22 Februari 1998

Nimesikiliza kutwa nzima. Mpira. Kwaya ya Nyaramba. Matangazo ya vifo ya mwaka tisini na nne, watu ambao hata waliowalilia sasa wamekufa. Mimi nikisoma ripoti ya shamba la chai mbele ya redio. Mimi nikieleza namna ya kupanga kuni. Sikujua nilikuwa na sauti nyembamba vile.

Persis bado hajapatikana. Ila nyuma ya sauti yangu, kila mahali, kuna mtu anatembea. Mlango unafunguliwa. Sufuria inawekwa chini polepole isije ikaharibu rekodi. Mtu anakohoa na kujizuia. Mara ya kwanza nilisimamisha kaseti nikageuka kutazama mlango, mimi mzee mzima! Hakukuwa na mtu.

Mara ya pili sikugeuka. Nikapeleka kaseti mbele. Daftari halina safu ya sufuria.

Jumanne, 24 Februari 1998

Nyangau amerudisha karai kwa mkono wa mteja wake. Yeye mwenyewe hakuja. Kuna kikaratasi: "Shemeji, zote thelathini na moja. Nimesikiliza kila moja mpaka mwisho. Moja imeniliza." Bila shaka ni ile fainali tuliyofungwa kwa penalti. Mtu mzima analilia mpira.

Nimefanya ukaguzi. Ukaguzi mtamu! Lebo nyeupe, mistari iliyonyooka. Kaseti sitini zimekubaliana na Daftari. Tatu hazikukubaliana. Na katika Daftari kuna tarehe tatu ambazo hazina kaseti.

Moja ya tarehe zilizokosa kaseti ni 15 Februari 1997. Persis.

Kwanza nilipekua karai upya. Halafu nikaelewa. Nyangau ameificha! Anataka Jumapili asimame mbele ya mama yake na watu wote aitoe mfukoni yeye, awe shujaa. Vyema. Sitamuuliza. Nitamwacha aitoe, kisha niseme kwa upole mbele ya watu kwamba alikuwa ameazima.

Zile tatu zisizo na makazi zina tarehe za ajabu ajabu alizoziota Nyangau. Kwa mfano 14 Februari 1997. Nimetazama Daftari mara mbili. Siku hiyo hatukurekodi kitu. Ilikuwa Ijumaa, siku ya maandalizi, Persis alikuwa anapika na kufua tangu alfajiri. Nani angerekodi? Nimezitangaza zote tatu kuwa kaseti huru. Mfumo unafanya kazi.

Alhamisi, 26 Februari 1998

Siku ya fahari! Saa moja unusu jioni, redio imesoma tangazo la kumbukumbu, katika idhaa ya lugha yetu. "Mzee Ishmael Onyancha wa Keumbu anawatangazia jamaa na marafiki." Jina langu! Msomaji alilitamka kwa heshima, akapumzika kidogo baada yake.

Nimerekodi. Nilichukua kaseti huru, ile ya 14 Februari, nikabonyeza kitufe chekundu dakika tano kabla, nikaiacha ikamate matangazo yote ya jioni. Je, nilisikiliza kwanza kilichokuwamo? Hapana. Ukianza kusikiliza kwanza, Daftari lina kazi gani?

Karibu na mwisho wa upande stima ikapotea. Kelele zangu zilisikika mpaka barabarani. Tangazo la mwisho, la mzee mmoja wa Tabaka, limekatika katikati ya majina ya wajukuu. Stima ya nchi hii! Mtu hawezi kutunza kitu.

Jumapili, 1 Machi 1998
(Jua limezama sasa hivi. Kwa Nyangau bado ni Jumamosi.)



Nyangau amekuja na viti vya kesho. Tumesalimiana kwa baridi. Nikashindwa kungoja. Nilimwambia aitoe sasa, kaseti ya Persis, yaishe. Akanitazama kama mtu asiyejua lugha. Akasema hana kaseti yoyote, alirudisha zote. Nikamwambia tarehe kumi na tano haipo. Akasema hakuandika kumi na tano popote. Ya dada yake aliandika kumi na nne, Ijumaa. Anakumbuka vizuri kwa sababu alikuwepo: alitoka soko la Ijumaa, akapita hapa, Persis akampa mboga za chinsaga na akamkalisha chini ili asali na wenzake.

Nikasema jua lilikuwa limezama. Ilikuwa Sabato. Ilikuwa kumi na tano.

Akasema kwake Ijumaa ni Ijumaa mpaka alale.

Kisha sote wawili, bila kuambiana, tukageukia redio. Kaseti ilikuwa bado imo ndani.

Nimeirudisha nyuma, nikaicheza. "Mzee Ishmael Onyancha wa Keumbu." Msomaji ana sauti nzuri kweli. Anasema tunakumbuka mwaka mmoja tangu Persis atutoke. Anasema hayo juu yake, juu ya wimbo wake, mahali pale pale alipokuwa anawataja watu wa boma. Nimemfuta mke wangu kwa tangazo la kumbukumbu yake.

Nyangau alisikiliza kwa muda. Nilingoja anitukane. Nilitaka anitukane. Alivaa kofia yake, akapanga viti mistari mitatu, akaenda.

Bado Jumapili, 1 Machi 1998, alasiri

Watu wamekwenda. Naandika nikiwa nimekaa kando ya kabati.

Asubuhi nilikuwa na mpango. Nilikuwa nitacheza kwaya ya Nyaramba na kusema Persis yumo katika zile sauti za nyuma. Nilimnong'oneza Nyangau. Akasema nikithubutu kumdanganya mama yake, atainua redio hiyo, nusu yake na nusu yangu, aitupe chooni. Mpango ukafa.

Mama mkwe alifika saa tano na fimbo yake. Hakuingia sebuleni, kwa kuwa mimi nilikuwa humo. Mama mkwe na mkwe wake hawakai chumba kimoja kwetu, heshima hairuhusu. Alikaa kwenye nyumba ya jikoni, upande wa pili wa ua, na wanawake wakafungua dirisha la kule na mimi nikafungua la huku. Tangu nimwoe binti yake sijawahi kumtazama usoni. Niliona ncha ya fimbo tu. Nyangau ndiye aliyekuwa anavuka ua na maneno yetu.

Baada ya sala, Nyangau akaja akasema mama yuko tayari.

Ningemwambia nini? Nikaweka kaseti ile ile. Sina nyingine yake. Nikabonyeza. Matangazo yakaanza, jina langu likapita kwenye ua, watu wakatazamana. Nilitakiwa kusimamisha nikashindwa. Nikaiacha iende, tangazo baada ya tangazo, nikiwa nimetazama ukuta, na uso unawaka. Hakuna aliyeondoka. Wetu ni watu wa adabu.

Mzee wa Tabaka akafika kwenye wajukuu. Akakatika. Kitu kikalia tk.

Na Persis akasema, kwa Kigusii, kwa karibu sana, kama aliyeinama juu ya redio: "Ishmael, umeshaongea vya kutosha. Zima hiyo kitu, chakula kinapoa."

Halafu kaseti ikaisha.

Nilikumbuka. Ile siku, baada ya sala yake, nilikuwa nimeanza kueleza jinsi mashine inavyorekodi. Stima iliyopotea Alhamisi ndiyo iliyoyaacha maneno hayo. Sekunde sita.

Kutoka jikoni ikaja sauti ambayo sikuijua kama ni kicheko au kilio. Nyangau akavuka ua mbio. Mama anaomba irudiwe. Nikairudisha. Tena. Tena. Mara kumi na moja. Mara ya saba wanawake wote wa jikoni walikuwa wanasema pamoja naye, chakula kinapoa. Mimi nilikuwa nalia kwa sauti na sikujificha.

Kisha Nyangau akaleta neno la mwisho. Mama anasema huyo ndiye mtoto wake, hata akiwa mdogo alikuwa anaamrisha watu hivyo. Anashukuru. Ameuliza pia kama hakukuwa na zaidi. Nikamuuliza Nyangau alimjibu nini. Akasema alimwambia mvua iliharibu.

Sijui nitamlipaje mtu huyo kwa uongo ule.

Jumanne, 3 Machi 1998

Nimelala vizuri mara ya kwanza tangu kaseti zichanganyike. Nimeamka na mawazo.

Sekunde sita hizi ni mali kuliko kabati lote. Lazima zilindwe. Nyangau ameleta salamu kwamba nisiiguse kaseti hata kidogo, anakuja saa kumi twende naye kwa Mukesh, atatoa nakala tatu kwa mashine zake. Mukesh! Mashine za dukani, mikono ya watu, na huku hakuna hata mmoja aliyefikiria hatari yenyewe.

Hatari ni hii. Mtu akiicheza kaseti hii baada ya miaka ishirini, atasikia mwanamke akisema zima hiyo kitu. Atajua ni nani? Alisema wapi? Kwa nini chakula kilikuwa kinapoa? Daftari linaweza kupotea, sasa nakubali. Kwa hiyo maelezo yanapaswa kukaa ndani ya kaseti yenyewe, mbele kidogo ya sauti yake. Hapo hakuna wa kuyatenganisha.

Nimeandika utangulizi. Jina lake kamili, ukoo wake, tarehe (zote mbili, ya kwangu na ya Nyangau, kwa ajili ya amani), hali ya hewa, aina ya redio, na shukrani kwa waliohudhuria kumbukumbu. Kurasa mbili. Nitaurekodi juu ya yale matangazo ya vifo, hapo mwishoni. Nimepima kwa kidirisha cha namba kinachohesabu mkanda: Persis anaanza kusema kwenye 587. Mimi naanza 560, na 586 kidole changu kitakuwa kimeshabonyeza.

Kidirisha huruka namba moja mbili kikishapata joto, lakini hilo nalijua, nitakuwa mwangalifu. Nimefunga mlango. Nimekunywa maji ya moto kulainisha koo. Nyangau hajafika bado, na ni vizuri, angenichanganya.

Nimesoma mara moja kwa majaribio. Kurasa mbili zimepita kidogo nafasi iliyopo. Nikisoma haraka itatosha.